Miti ya koni na miti ya maua: niliyojifunza kitaluni Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, viwanja vimepimwa kila upande, Nzuguni, Ihumwa, Nala hadi Mtumba, na kila aliyemaliza kupaua anatafuta miti ya kupanda. Mwaka 2017 ilipozinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, mahitaji yakapanda zaidi. Ndipo nami nilipoingia kwenye biashara ya miche: eneo la kukodi kando ya barabara, viriba, neti ya kivuli na tangi la maji. Mwarobaini, mjohoro, mkwaju, mwembe, hiyo nilikuwa naifahamu tangu nyumbani. Lakini wateja wengi wa wakati ule walikuwa wanaulizia paini, saiprasi na ile wanayoiita miti ya Krismasi.

Nawaelewa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Ikifika Septemba mibuyu imebaki matawi matupu na vumbi limelala juu ya kila jani lililosalia. Mtu aliyekulia Njombe au Rombo akiiona hali hiyo, moyo humtuma kutafuta mti unaobaki kijani mwaka mzima, na mti anaoukumbuka ni ule wa kwao wenye koni, yaani yale mafungu ya magamba yanayobeba mbegu. Naandika kwa ajili ya anayetaka kuotesha miti hiyo kitaluni, na kwa ajili ya anayetaka kuinunua, kwa sababu fedha nyingi hupotea kwa kuichukulia kama mwarobaini.

Oda kubwa ya kwanza ya paini niliipata kwa mzee mmoja mstaafu, mwenye shamba juu milimani upande wa Mpwapwa, kwenye baridi na ukungu. Nilimwamkia, tukakaa kwenye benchi chini ya neti, akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka miti ya mbao. Wajukuu ndio watakaoikata." Akaacha shilingi laki mbili za kuanzia. Tukakubaliana kwamba miche iwe tayari kabla ya mvua.

Mbegu hazikunipa shida. Ziliota zote kwa pamoja, na kila mche ulichomoza ukiwa umebeba ganda la mbegu juu yake. Ganda lilipodondoka nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye tuta langu. Maharage na alizeti huanza na majani mawili ya mbegu, mtama na mahindi jani moja. Hii paini ilifungua majani membamba manne kwenye mche huu, matano kwenye ule, yote yamepangwa kuzunguka ncha moja. Nilifurahi sana siku hiyo. Nikaihamishia kwenye viriba kwa mchanganyiko wangu wa siku zote: udongo, mchanga na samadi iliyooza.

Ikagoma. Mwarobaini uliosiwa baadaye ukaipita, ukafika magotini, paini bado imesimama pale pale. Vijani vikaanza kuwa vya njano, kisha rangi ya zambarau. Kila aliyepita alinipa ushauri wake. Wa kwanza alisema maji hayatoshi, tukaongeza maji, na maji yenyewe ni ya kununua kwa boza. Wa pili akasema samadi haitoshi, tukaongeza samadi. Unyevu ulipozidi ikaingia kinyausi: shina linaoza usawa wa udongo, mche unalala chini asubuhi ukiwa bado kijani juu. Kwa paini changa ugonjwa huu ni hatari kuliko kiu. Msimu ukapita. Nikampigia mzee simu, nikamweleza hali ilivyo, nikamwambia nitamrudishia hela yake. Akakataa, akasema nitafute kwanza sababu.

Sababu alinionyesha bwana miti mmoja ambaye alifanya kazi miaka mingi Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill. Alichana kiriba kimoja, akatikisa udongo taratibu, akaioshea mizizi kwenye ndoo. "Unaona, dada? Mizizi mitupu." Paini yenye afya, alisema, ncha zake fupi za mizizi huwa zimegawanyika mara mbili mbili na zimevikwa utando mweupe wa kuvu. Kuvu hizo ndizo zinazoutafutia mti fosforasi na maji mbali ambako mizizi yenyewe haifiki, na mti nao unazilipa kwa sukari. Ile rangi ya zambarau ilikuwa njaa ya fosforasi. Paini si mti wa asili wa Tanzania. Aina inayopandwa sana Mufindi asili yake ni Mexico, na kuvu zake nazo zilikuja pamoja nayo. Kwenye udongo wa Nzuguni hazimo. Ndiyo maana zamani, sehemu nyingi za Afrika, paini ilisiwa na kufa mpaka watu walipojua kubeba udongo kutoka kwenye msitu wa paini uliokwisha kukomaa.

Kwa hiyo nikaagiza kiroba cha udongo kutoka Mafinga, kikaja kwa basi. Kama utafanya hivyo, zingatia mambo haya. Udongo uchotwe juu juu, sentimita kumi hadi kumi na tano za kwanza, chini ya miti mikubwa yenye afya, penye majani makavu yanayooza. Usafirishwe ukiwa na unyevu na usianikwe juani, maana kuvu zitakufa na utakuwa umelipia nauli ya mchanga. Sehemu moja ya udongo huo kwa sehemu tisa za mchanganyiko wako inatosha. Na usichote mahali penye miti inayokufa, utaleta ugonjwa. Samadi nikaiacha kabisa kwenye viriba vya paini. Msimu uliofuata miche ilisimama, na mzee akaja na pikapu kuichukua.

Lakini jambo ambalo bwana miti yule alinifundisha na ambalo limenisaidia kuliko udongo wa Mafinga ni hili. Kabla ya kuondoka alitoa koni kavu mfukoni, akaomba wembe, akachuma na ua la njano la mjohoro uliokuwa kwenye ua wa jirani. Akaanza na koni. Alibandua gamba moja. Juu ya gamba lile, upande wa ndani, zilikaa mbegu mbili ubavu kwa ubavu, kila moja na ubawa wake mwembamba unaopitisha mwanga. Hazikuwa ndani ya kitu chochote. Zimelala juu ya gamba, wazi, na gamba likifunuka kwa ukavu upepo unazichukua. Kisha akachukua ua. Akang'oa petali, akaondoa stameni, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, akabaki na kijiti cha kijani kilichopinda katikati. Akakichana kwa wembe kwa urefu. Ndani mlikuwa na chembe ndogo nyeupe za kijani, zimepangwa mstari mmoja. "Hizi ndizo mbegu za kesho," akasema. "Zimefungiwa. Hiki kijiti ni ovari, na ndicho kitakachokuwa ganda la mjohoro. Kule kwenye koni hakuna ovari."

Tofauti ya makundi haya mawili iko hapo. Mimea ya maua, ambayo vitabu vya shule huiita anjiospemu, hufungia ovuli zake, yaani zile chembe zinazokuja kuwa mbegu, ndani ya ovari, na ovari ndiyo huwa tunda, liwe embe, ganda la mkwaju au punje ya mtama. Mimea ya kundi la koni, yaani jimnospemu, ovuli zake ziko wazi, na kwa hiyo haina tunda. Tangu siku ile, nikiletewa mti nisioujua, sianzi na jani. Naulizia mbegu inakaa wapi.

Nilianza kuangalia maua ya mahali nilipoishi siku zote kwa jicho jingine. Babu mmoja wa Kigogo ambaye hupita kitaluni na salamu yake ya "Mbukwenyi" aliniambia kama nataka kuliona ua la mbuyu nisiende mchana, niende jua likizama. Nilikwenda. Ua hilo hufunguka machweo, jeupe, kubwa, linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, na katikati yake kuna kichane cha stameni nyingi zisizohesabika. Popo ndio wanaolihudumia usiku. Kesho yake limesinyaa, limegeuka kahawia. Ovari iliyokuwa katikati ya yale yote ndiyo inayokuwa buyu, na mbegu zikiwa zimefunikwa kwa unga ule mchachu tunaoumung'unya. Mzabibu, zao ambalo Dodoma linajulikana kwalo, una maua madogo ya kijani ambayo mtu anaweza kupita bila kuyaona. Petali zake hazifunguki kama za maua mengine; zimeshikana juu na hudondoka zote kwa pamoja, zikiacha stameni na kiovari kidogo kitakachokuwa zabibu. Mti mkubwa na mmea wa kutambaa, popo kwa mmoja na petali zinazodondoka kwa mwingine, ila mbegu zimefungiwa kote kote.

Kwa paini hakuna petali wala nekta. Koni dume ni ndogo, laini, zinakaa kwa mafungu, hutoa chavua ya njano kisha zinadondoka. Chembe ya chavua ya paini ina mifuko miwili ya hewa inayoisaidia kuelea. Inapeperushwa mpaka kwenye koni jike changa, inapita kati ya magamba, inafika kwenye ovuli yenyewe bila kupitia stigma, ile ncha ya ua inayopokea chavua. Kisha magamba yanajifunga, na utungisho unakuja karibu mwaka mzima baadaye. Koni hukomaa mwaka wa pili. Hili lina maana kwa mtu wa kitalu: koni za kijani unazoziona mtini leo si lazima ziwe na mbegu iliyokomaa. Koni ikiwa bado nzito na ya kijani, iache. Ikigeuka kahawia kabla magamba hayajafunuka, ndipo unapoikata, unaianika kwenye turubai, mbegu zinadondoka zenyewe. Ukichelewa, upepo wa Dodoma hautakungoja.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwa macho lakini naipenda. Kwenye mimea ya maua utungisho ni mara mbili: chembe moja ya kiume inaungana na yai, nyingine inaungana na viini vingine ndani ya ovuli kutengeneza akiba ya chakula. Mtaalamu wa mimea Sergei Nawaschin ndiye aliyeugundua mwaka 1898. Akiba hiyo ndiyo tunayosaga. Ugali wa uwele na wa mtama ambao Wagogo wamekula vizazi na vizazi ni akiba iliyotengenezwa baada ya utungisho kufanyika. Paini huandaa chakula cha mbegu mapema, kwenye mwili wa mama, kabla yai halijatungishwa.

Sasa nije kwenye mitego, maana ndiyo inayowagharimu wateja.

Mti wa kwanza ni mvinje. Watu wanauita paini ya pwani, na wengine wanauuza hivyo. Ukiutazama kwa mbali una kila kitu: majani kama sindano, mlio uleule upepo ukipita, na vitu vidogo vya miti vinavyofanana na koni. Chuma kipande cha hiyo sindano uvute polepole. Itaachia kwenye maungio, pingili kwa pingili, na kwenye kila ungio utaona duara la meno madogo sana. Hayo meno ndiyo majani. Ile sindano ni kijitawi cha kijani. Chuma sindano ya paini: haina maungio, na kwenye aina ya Mufindi zinakaa tatu tatu mara nyingi, zimefungwa chini na kifuko kimoja. Kile kinachofanana na koni kwenye mvinje ni mkusanyiko wa matunda madogo, na kila tunda limefungia mbegu yake. Mvinje ni mti wa maua. Na kitaluni unaonyesha hivyo: hauhitaji udongo wa Mafinga, una washirika wake wengine mizizini wanaoupatia naitrojeni, unavumilia mchanga na joto. Mteja wa Dodoma anayetaka sura ya paini bila gharama ya paini, mimi humpa mvinje na kumwambia waziwazi ni mti gani.

Mti wa pili ni kinyume chake. Sikasi, ule mmea mfupi wenye majani magumu yaliyopangwa kama ya mtende, unaouzwa kwa bei kubwa kwa ajili ya bustani za mbele ya nyumba. Kila mtu anadhani ni ndugu ya mnazi. Mnazi na mtende ni mimea ya maua. Sikasi ni ya kundi la mbegu wazi, na ukoo wake ni wa kale kuliko maua yenyewe. Asili yake ni kusini mwa Japani. Mmea dume na mmea jike ni tofauti: dume hutoa koni ndefu iliyosimama katikati, jike hutoa majani ya manjano yenye manyoya, na mbegu nyekundu za rangi ya chungwa zimekaa pembeni mwa majani hayo, wazi kabisa. Mwaka 1896 Mjapani Seiichiro Ikeno aligundua kwamba chembe za kiume za mmea huu huogelea, jambo ambalo mimea ya maua haina.

Anayenunua sikasi ajue mambo mawili. Inakua polepole mno. Bei yake ni miaka ambayo mtu mwingine ameshaitunza. Na ina sumu, mbegu zake zaidi. Nyumba yenye mbwa au mtoto anayetia kila kitu mdomoni isiwe nayo mahali wanapofikia. Wapo pia ndugu zake wa asili hapa nchini, wa jenasi ya Encephalartos, kwenye misitu ya Usambara na pwani. Hao wamelindwa kwa daraja la juu kabisa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Aliyewahi kunipelekea mche uliong'olewa msituni nilimkatalia, na nakuomba nawe ukatae.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba kila kitu laini chenye nyama ni tunda. Podo na mwangati, miti yetu ya asili ya milimani, Kilimanjaro, Meru, Usambara, ni ya kundi la mbegu wazi, ingawa mbegu ya podo imevikwa nyama na koni ya mwangati ni vijidonge vya bluu ambavyo ndege hula. Ile nyama haikutokana na ovari. Kwenye mwangati ni magamba ya koni yaliyonenepa na kushikana.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya, hata baadhi ya waliosoma. Kubaki kijani mwaka mzima, majani ya sindano, kuchavushwa kwa upepo, kuhitaji kuvu za mizizini: haya si mambo ya kundi la koni peke yake. Mwembe hubaki kijani. Mtama na mahindi huchavushwa kwa upepo na ni mimea ya maua. Miti ya miombo, ambayo ni ya maua, ina kuvu za mizizini za aina inayokaribiana na za paini. Na saiprasi, ambayo ni ya koni, haihitaji udongo wa msitu wa paini hata kidogo; kuvu zake ni za aina iliyo karibu kila mahali. Mtu wa kitalu akipanga kazi yake kwa kundi tu, kwamba hizi zote ni za koni basi nizitunze sawa, atapata hasara. Mbegu inakuambia mti ni wa ukoo gani. Utunzaji uulize mti kwa mti.

Kuna jambo moja lakini ambalo koni zinafanana karibu zote kitaluni na bustanini, nalo ni ukataji. Nilipewa kazi ya kuhudumia ua wa saiprasi wa nyumba moja mjini. Ua ulikuwa umenenepa, mwenye nyumba akamwagiza kijana wa bustani aupunguze sana. Akakata kwa panga mpaka ndani, kwenye matawi ya kahawia yasiyo na majani. Kwa mjohoro au mwarobaini hiyo si shida, unachipua wiki chache tu, hata ukikatwa kisiki. Saiprasi ile haikuchipua. Matundu yamebaki mpaka leo na mama mwenye nyumba amepanda maua ya kutambaa kuziba. Paini ndiyo zaidi: ukiikata chini, imekufa. Kata saiprasi mara kwa mara, kidogo kidogo, sehemu yenye majani ya kijani tu. Na ikianza kuwa kahawia kipande kimoja wakati wa kiangazi, usikimbilie maji. Fungua matawi uangalie vidukari vya kahawia kwenye magome. Wadudu hao waliingia Afrika kupitia Malawi katikati ya miaka ya 1980 na wameua saiprasi nyingi Afrika Mashariki.

Mfugaji nyuki wa Manyoni alikuja kutaka paini za kuzungushia mizinga yake kuzuia upepo. Nilimwambia paini haina nekta, nyuki watapita juu yake. Akachukua migunga na mikwaju, inayozuia upepo na kulisha nyuki vilevile.

Kwenye mbao tofauti iko mkononi. Nilipokuwa najenga banda nilikwenda kwa seremala nikamwomba anipe vipande viwili, mninga na paini, nikalowesha ncha zilizokatwa. Kwenye mninga yanaonekana matundu madogo kwa macho, ni mirija mipana ya maji ambayo miti ya maua inayo. Kwenye paini hakuna matundu hayo. Maji hupita kwenye seli ndefu nyembamba zilizobanana. Kwa sababu ya seli hizo ndefu karatasi ya paini haichaniki ovyo, ndiyo inayofaa kwa mifuko ya saruji. Lakini mbao ya paini isiyowekwa dawa, kwa mchwa wa Dodoma, ni chakula. Kama unanunua za kenchi, nunua zilizowekwa dawa na uangalie dawa imeingia ndani, isiwe rangi ya juu tu.

Kuhusu gharama, nisikufiche. Mche wa koni hukaa kitaluni muda mrefu zaidi na kila wiki unakunywa maji ya kununua. Bei yake lazima iwe juu ya mwarobaini, na mteja atanung'unika. Mwambie ukweli: paini ya Mufindi haitafanya kazi kwenye kiwanja cha Ihumwa hata akimwagilia, inataka mwinuko, baridi na mvua nyingi kuliko tuliyo nayo. Saiprasi itaishi mjini akikubali kuimwagilia kiangazi chote miaka ya mwanzo. Asiyekuwa na maji apande mwarobaini, mkwaju, mgunga au mbuyu. Nimepoteza mauzo kwa kusema hivyo, na baadhi ya waliokwenda kwingine wamerudi miche ikiwa imekauka.

Mbegu nazo zina tabia zake. Mbegu ya paini ikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi hudumu miaka, kwa hiyo inafaa kununua kwa wakala wa serikali na kuulizia tarehe ya kukusanywa. Iloweke maji ya kawaida usiku mmoja, isie kwenye mchanga mwepesi, kivuli cha wastani, maji asubuhi tu ili jioni udongo uwe umekauka juu. Mgunga na mbuyu zinataka maji ya moto kulainisha ganda. Mwarobaini hauhifadhiki: ndani ya wiki chache mbegu imeshakufa, kwa hiyo naokota matunda ya njano yaliyodondoka, nayamenya siku hiyohiyo, nayasia kabla juma halijaisha.